Kushibisha Gunia la Ng'washi

Kitendawili, mjukuu wangu. Sema "tega", lakini usinirukie na jibu kabla sijakaa vizuri. Mwanangu katoka nyumbani mweupe, kapita mikono mia, na hakuna mkono hata mmoja uliomuuliza jina la mama yake. Ni nani huyo?

Ukijua, kaa nalo kwanza. Usipojua, leo sitaki unipe mji. Nisikilize tu, utamkuta njiani.

Huko Sapiwi alikuwako mama mmoja jina lake Veronica binti Maige. Shule aliishia darasa la saba, maana mwaka ule walichaguliwa wavulana wawili tu kwenda sekondari, yeye akarudi kwenye jembe. Lakini mwandiko wake ulibaki umenyooka kama matuta ya viazi, na hesabu za kichwani hazikumtoka. Alikaa na akili yake hiyo miaka mingi kama mtu mwenye nguo nzuri asiye na sherehe ya kuivalia.

Zamani pamba ilikuwa na mlango mmoja, wa ushirika. Unapeleka, inapimwa, unakaa kungoja. Kisha soko likafunguliwa, na wanunuzi wakaja kama kumbikumbi baada ya mvua: huyu na lori, yule na trekta, mwingine na mizani inayojua kulalia upande mmoja. Wote walinunua bila kuuliza. Na binadamu asipoulizwa hujifunza mambo. Walikuwako walioinyunyizia pamba maji ya kisima iwe nzito, walikuwako waliolaza mchanga katikati ya gunia kama mtoto kitandani. Pamba ya Sapiwi ilifika kiwandani ikachanganyika na ya Bukundi na ya Nyashimo, safi na chafu zikalala kitanda kimoja, zikaamka na jina moja baya. Mkulima mwaminifu akawa hana pa kuuonyesha uaminifu wake.

Mwaka wa pili tangu Simiyu iitwe mkoa, ikaja kampuni moja iliyotaka pamba isiyopigwa dawa ya dukani. Waliokubali walipanda alizeti pembeni mwa shamba ili wadudu waende huko, wakatwanga mwarobaini, wakatia saini. Na kampuni ilitaka jambo jingine, geni kabisa: kujua kila gunia limetoka shamba la nani, kutoka Sapiwi mpaka kwa mshonaji wa shati huko ng'ambo. Kwa kazi hiyo wakatafuta mtu wa kijijini mwenye mwandiko na miguu. Wakampata Veronica.

Wakampa simu ya kupangusa na kipande cha sola cha kuichajia. Alizunguka kila shamba ameishika mbele yake kama mtu anayebeba uji wa moto, na simu ikachora mipaka. Wazee hawakupenda.

"Veronica," alimwambia Mzee Nyanda, "hicho kidude kikishalizunguka shamba langu, hakitaondoka nalo?"

"Baba, shamba litabaki. Kinachoondoka ni picha."

"Na ng'ombe niliyempiga picha mwaka juzi, si aliibwa?"

Watu walicheka, lakini Nyanda alimfuata nyuma hatua kwa hatua mpaka mpaka wa mwisho, kuhakikisha.

Hata hivyo walizoea. Kila gunia likapata kibandiko chenye mistari myeusi, na mtu akiuliza jambo lolote, "Gunia langu limefika wapi? Limeshaondoka Bariadi?", aliambiwa: nenda kwa Veronica. Naye anapangusa, anasoma, anamjibu. Hebu fikiri, mjukuu wangu, miaka arobaini na mitano hujaulizwa kitu, halafu kijiji kizima kinakuja mlangoni kwako kuuliza. Veronica akaanza kutembea kwa namna nyingine. Gunia lake mwenyewe alilining'iniza darini, kamba imefungwa mafundo mawili, hata kuku asilitie unyoya.

Sasa, kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Gunia la mjane halipelekwi kwenye mizani likiwa na tumbo la njaa. Mjane huliweka kando ya njia, mdomo wazi, na kila anayepita akitoka shambani hutumbukiza pamba ya mkono mmoja, au miwili, akaenda zake. Anayetia hasimami kusalimia. Anayetiliwa hageuzi shingo kumtazama. Huko ndiko kushibisha gunia. Na wakubwa walisema hivi: mkono unaotoa hauulizwi jina.

Mwaka ule mwenye gunia kando ya njia alikuwa Ng'washi ng'wana Shija, bibi mwenye ukungu kwenye jicho moja na shamba dogo ambalo ukipiga chafya upande huu wanakuitikia upande wa pili. Gunia lake lilishiba. Lilipimwa, likabandikwa kibandiko, likaenda kiwandani na mengine.

Jumatatu moja pikipiki ikasimama mbele ya ghala la pamba. Alikuwa Danford, kijana wa kampuni, viatu vimejaa vumbi, uso umekunjamana. Wakulima walikuwa palepale wakipanga magunia ya mzigo wa pili.

"Mama Veronica, fungua simu yako."

Akafungua. Jina la kituo chao cha kuuzia pamba, ambalo siku zote lilikuwa la kijani, lilikuwa jekundu.

"Wamepima kule maabara," Danford akasema. "Gunia moja lina dawa. Siyo nyingi, ila ipo. Kibandiko ni cha bibi Ng'washi."

Kisha Eufrasia, jirani yake Veronica, mwanamke ambaye mdomo wake hauna siku ya kupumzika, akaangua kicheko. "Ng'washi? Apige dawa? Huyu hata chumvi anaazima!"

Ng'washi mwenyewe alikuwa ameketi juu ya gunia tupu, anachambua majani makavu kwenye pamba. Hakuinua kichwa.

"Bibi," Danford alichuchumaa mbele yake, maana alilelewa vizuri, "pamba hii imetoka wapi?"

"Imetoka kwa Mungu, ng'wanawane, mwanangu."

"Bibi, nani amekutilia pamba kwenye gunia?"

"Walionitilia ni wengi."

"Nani na nani?"

Ng'washi akamtazama kwa lile jicho zima. "Mwanangu, ukialikwa chakula gizani utawasha taa umtazame aliyekupakulia?"

Danford akasimama, akapangusa magoti. Akawaeleza polepole, na wote walielewa. Pamba ya dawa ikijulikana imetoka wapi, linatolewa gunia hilo moja na mengine yanaendelea na safari. Isipojulikana, basi hakuna gunia la Sapiwi linaloaminika, na kituo chote kinafungwa miaka mitatu. Watarudi kwa wale wa lori na mizani ya kulalia upande mmoja. Aliwapa mpaka Jumamosi.

"Na kama aliyefanya ni mtu mwenye cheo?" Eufrasia akauliza, akimkonyeza Mzee Nyanda.

"Hata angekuwa mtunza simu mwenyewe, angeirudisha simu siku hiyo hiyo. Hilo halina mjadala."

Watu wakacheka. Veronica naye akacheka.

Kwenye simu swali lilibaki limesimama, na nukta nyekundu pembeni yake: *Pamba imetoka shamba la nani?* Chini yake nafasi tupu. Kila alipoiwasha, lilikuwa la kwanza kumwamkia, hata kabla ya mume wake.

Veronica hakuhitaji kufikiri sana. Kijijini mwenye bomba la kupulizia dawa alikuwa mmoja tu, kaka yake mwenyewe, Joakim. Joakim hakutia saini. Alisema yeye hawezi kulima kwa kubembeleza wadudu. Aliuza kwa wanunuzi wengine, na alikuwa na haki yake. Lakini kuja kuchafua gunia la mjane ili kituo cha dada yake kifungwe! Jumanne asubuhi Veronica alijifunga kitenge chake chenye picha za tausi, akashika njia.

Alimkuta Joakim anarekebisha zizi, misumari mdomoni. Ndani kitoto kichanga kilikuwa kinalia. Mkewe alikuwa na wiki tatu tu tangu ajifungue.

"Mwangaluka, dada. Mbona unakuja kama mgambo?"

"Joakim, nijibu bila mizaha. Uliitia pamba yako kwenye gunia la Ng'washi?"

Joakim akatema misumari kiganjani. "Mimi? Njia ile sijapita tangu mahindi yakiwa mabichi."

"Dawa anayo nani hapa kijijini?"

"Ninayo mimi, na sifichi. Lakini pamba yangu haina miguu, dada." Akamwangalia juu mpaka chini, kisha macho yake yakatua kwenye kiuno cha Veronica, pale kwenye tausi. Akaanza kucheka taratibu. Kicheko kikafa chenyewe. "Ee, dada. Hukumbuki?"

"Nikumbuke nini?"

"Mke wangu alipojifungua, nani alikuja kunichumia siku mbili? Na jioni nilikujazia nini kwenye hicho kitenge? Nilikwambia, mchumaji haondoki mikono mitupu. Ukanishukuru: wabeja, kaka. Ukajitwisha. Ulikipeleka wapi?"

Veronica akakishika kile kitenge kiunoni.

Alikumbuka yote. Jioni ile, njiani, kitenge kichwani, alijiambia: hii ni ya dawa, isiguse gunia langu hata uzi mmoja. Alijisifu kwa kukumbuka. Akafika penye njia ya Ng'washi, akaona gunia limekaa mdomo wazi, nusu tupu, kama kifaranga. Na mikono yake, ambayo ilikuwa imeshibisha magunia ya wajane tangu akiwa msichana, haikumsubiri afikiri. Ilifungua kitenge, ikamwaga, ikakung'uta. Akaenda zake bila kusimama, kama desturi inavyotaka, na moyo wake mweupe kuliko pamba.

Yaani alilinda gunia lake, akachafua la mwenzake, na akahesabu kuwa ametoa sadaka.

"Simu yako inayojua kila kitu haikukwambia?" Joakim aliuliza, lakini sauti yake haikuwa na kejeli tena. Akaongeza, "Usiseme. Nani atajua? Mimi ni ndugu yako, sijaona kitu."

Veronica alirudi kwa njia ndefu.

Jumatano hakutoka. Alhamisi watu walikuja kuuliza kama rangi ya kituo imebadilika, naye akapangusa na kusema bado. Alijitazama mwenyewe akisema "bado" kwa sauti ile ile ya kuaminika, na jambo hilo lilimtisha. Aliwaza hivi: miaka yote wale wa malori hawakuuliza, na kutoulizwa kukawafanya watu watie mchanga. Sasa pamekuja chombo kinachouliza. Mtu wa kwanza kukaa juu ya jibu ni aliyepewa kazi ya kuuliza. Basi chombo kimebadilisha nini?

Ijumaa mchana alikwenda kwa Ng'washi. Bibi alikuwa anaanika viazi alivyokatakata juu ya jiwe, apate michembe.

"Mwadila, mayu," Veronica akamsalimia kwa kumwita mama.

"Mwadila, mwanangu. Kaa. Nimekusikia tangu kule kwenye mkonge."

"Umenisikia?"

"Jicho langu moja limelala, masikio hayajalala. Kila mtu ana mguu wake. Wa kwako unaburuza kidogo wa kushoto."

Veronica akauvuta ule mguu chini ya kitenge. "Mayu. Jioni ile pia uliusikia?"

Ng'washi aligeuza kipande cha kiazi, akageuza cha pili. "Nilisikia miguu mingi msimu huu. Eufrasia anapita akijisemea. Nyanda anakohoa. Wote nawajua. Unadhani kwa nini sikumjibu yule kijana?"

"Kwa nini, mayu? Kijiji kitafungiwa."

"Nikitaja mguu mmoja, mwakani nani atapita kwangu na kitu mkononi? Kila mtu atasema, kwa Ng'washi ukitoa utaitwa ghalani." Akageuza kiazi kingine. "Kesho nitasema ni mimi. Nitasema nimepiga dawa. Mimi ni mzee, wataniondoa kwenye daftari lao, nitakufa bila daftari, hakuna neno. Wewe utabaki na simu. Simu inawafaa watoto."

"Mayu, usiseme hivyo."

"Haya, nikutegee basi." Na bibi akamtegea kile kitendawili nilichokutegea wewe mwanzo: mwana mweupe, mikono mia, jina la mama.

"Pamba," Veronica akasema kwa sauti ndogo.

"Pamba. Kipo tangu bibi yangu. Tulikuwa tunakicheka. Sasa mmeleta kidude kinachomuuliza mtoto jina la mama yake, na mimi nimekaa hapa najiuliza, je, mtoto mwenye mama ishirini atajibu nini?"

Veronica alimsaidia kuanika viazi vilivyobaki, akaondoka.

Jumamosi ghala lilijaa. Wengine walikaa juu ya magunia, wengine sakafuni kuzunguka mizani. Joakim naye alikuja, akasimama mlangoni na mtoto wake mgongoni, maana mkewe alikuwa amelala. Danford alifika saa nne, akasalimia, akasema: "Wazee wangu, mama zangu, nasikiliza. Pamba ile imetoka wapi?"

Ng'washi akaanza kunyanyuka, mkono gotini. "Mimi nilipiga dawa."

"Wewe, bibi? Bomba umelitoa wapi?"

"Niliazima."

"Kwa nani?"

Bibi hakuwa amefika huko katika uongo wake. Macho yote yakamgeukia Joakim, naye akatikisa kichwa. "Bomba langu lina uzito wa ndama. Bibi huyu angelibebaje, kwa kumtwisha mbwa?"

Watu walicheka, Ng'washi akabaki amesimama, aibu imemshika kwa jambo ambalo halikuwa lake. Hapo Veronica akaona miguu yake inampeleka mbele. Lakini mdomo wake ulitoka na kitu kingine kwanza.

"Danford, mwanangu, nikuulize. Hapa kwenye simu, penye *shamba la nani*, pana nafasi ya majina mangapi?"

"Moja. Gunia moja, shamba moja."

"Waliotengeneza mfumo huu waliwahi kufika kijiji chenye mjane?"

Danford akajikuna kisogo. "Sidhani, mama. Waliutengeneza mjini."

"Gunia la Ng'washi lina mashamba zaidi ya ishirini ndani yake. Kila mwaka lilikuwa nayo. Mimi nimeandika jina moja, simu ikafurahi, na sote tukaona tumesema kweli. Hatukusema. Mkitaka chombo hiki kikae hapa siku nyingi, kisiishie kwenye kabati kama mizani ya ushirika, kipeni nafasi ya majina ishirini. La sivyo mtatufundisha kuacha kushibishana, au mtatufundisha kudanganya. Chagueni."

Danford alitoa daftari lake la kawaida, la karatasi, akalifungua juu ya mizani. "Nitawaandikia. Wakikataa, nitawaandikia tena. Leo niandike kwa mkono. Semeni."

Miaka na miaka mkono unaotoa hauulizwi jina, utaanzaje kujitaja mbele za watu? Watu wakatazama sakafu.

"Haya bwana," Eufrasia akalipuka, "mimi nilitia mikono mitatu! Na mara moja nilitia miwili nikaona ni kidogo, nikarudi nyumbani kuongeza. Andika. Na msidhani najisifu."

"Unajisifu," akasema Mzee Nyanda. "Mimi mmoja mmoja, kila Jumapili nikitoka kanisani. Andika na kanisani."

Kicheko kikalegeza magoti. Mmoja akasimama, wa pili, wa tano. Ng'washi aliketi, akainamisha kichwa, akawa anasikiliza sauti kama alivyokuwa akisikiliza miguu, na kila jina likitajwa alitikisa kichwa taratibu: ndiyo, huyo, ndiyo, na huyo. Danford aliandika mpaka ukurasa ukajaa, akafunua wa pili. Hesabu ikafika kumi na tisa. Wote walikuwa wa alizeti na mwarobaini, wote safi.

Kalamu ikasimama.

"Kumi na tisa safi," Danford akasema. "Sasa ile yenye dawa. Nauliza kwa mara ya mwisho, wazee wangu, halafu nitawasha pikipiki. Imetoka shamba la nani, na imeletwa na nani?"

Joakim mlangoni alimtazama dada yake, akatikisa kichwa kidogo sana: usiseme. Ng'washi, aliyekuwa ameketi, akaanza tena kutafuta goti lake ili anyanyuke.

Veronica alimwekea mkono begani, akamrudisha chini polepole. Akaitoa simu kwenye mfuko wake wa kitambaa, akaizungushia waya wake wa chaji vizuri, akaiweka juu ya mizani karibu na daftari. Kisha akafungua kitenge cha tausi kiunoni, akakitandika kando yake.

"Andika la ishirini," akasema. "Imetoka shamba la kaka yangu Joakim, ambaye hakutuma wala hakujua. Imekuja ndani ya kitenge hiki. Nilijua ina dawa, nikaikwepesha gunia langu, nikaimwaga kwenye la mayu Ng'washi. Aliyeileta ni mimi, Veronica binti Maige."